Ngozi Kavu Wakati wa Mvua

Mama mmoja alidhulumiwa ndama na wifi yake. Huyo wifi, mke wa kaka yake wa tumbo moja, alimwambia kwa macho makavu kwamba ndama amekufa, na ndama yu hai.

Mpango wa ng'ombe wa msaada ulikuwa hivi: ng'ombe mmoja kwa nyumba mbili. Nyumba ya kwanza inamfuga, na ndama jike wa kwanza anakwenda nyumba ya pili. Anayesubiri naye hakai bure. Humkatia ng'ombe majani tangu ashike mimba mpaka azae.

Ng'ombe alifugwa kwa kaka na wifi, kwa hiyo miezi tisa yule mama alibeba majani kichwani, asubuhi na alasiri, mpaka majirani wakambandika jina la Hatulii.

"Hatulii, utazaa wewe au ng'ombe?" walimtania kisimani.

"Atakayetangulia mtamwona."

Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na maziwa waliyajua kwa kuyaona kwa jirani. Alijenga banda, akalitandika mawe. Siku ya kuzaa yeye ndiye aliyevuta miguu ya ndama, mikono imezama mpaka viwikoni. Akatoka jike, mwekundu, na alama nyeupe kwenye paji kama mtu kamgusa kwa kidole chenye unga. Akaambiwa amwache anyonye miezi mitatu, ndipo amchukue.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya nne wifi akamwita.

"Wifi yangu, tumepata msiba. Juzi usiku tumbo lilimjaa, asubuhi akawa amekwisha. Nyama tumeizika."

Bwana mifugo alikuwa amekwisha fika na daftari lake. Ndama akifa, sheria ni kuonyesha ngozi, na ngozi ilikuwa pale chini ya upenu, nyekundu, imekatwa shingoni, ya kichwa haipo. Hatulii akaigusa. Ilikuwa ngumu kama ubao. Akaigonga kwa vidole, ikalia.

"Juzi?" aliuliza.

"Juzi, wifi."

"Na mvua yote hii? Kanga yangu niliifua Jumapili, mpaka leo mbichi. Na kichwa kiko wapi?"

"Mama, mimi naandika ninachoonyeshwa," alisema bwana mifugo.

"Basi andika umeonyeshwa ngozi ya ndama aliyekufa kabla hajazaliwa."

Jirani mmoja aliyekuja kutazama alicheka, kisha akajikohoza. Hatulii akamgeukia kaka yake. Kaka akaangalia mabuti yake, akayaangalia sana, kama ndiyo kwanza ameyanunua.

Bwana mifugo akaandika: amekufa. Akawasha pikipiki.

Wiki iliyofuata Hatulii alivuka mto kwenda kwa mama yake wifi. Nyuma ya jiko alimkuta ndama mwekundu, paji limepakwa masizi. Alilowesha ncha ya kanga kwa mate, akasugua. Nyeupe ikatokea.

"Acha kumchafua ndama wa binti yangu," bibi kizee alisema, na kumfukuza.

Bado anakata majani. Miguu inamtoa kitandani kabla hajajua imempeleka wapi. Huyajaza kwenye banda tupu, yakinyauka huyatoa, huleta mengine.

Wifi anadaiwa ndama jike mwenye alama kwenye paji. Bwana mifugo anadaiwa kufuta neno moja katika daftari. Na kaka anadaiwa kuinua macho kutoka kwenye mabuti yake na kusema alichokiona.