Mgeni wa Bi Mkubwa

Mpiga pasi wa kiwanda cha mashati alikuwa na mikono miwili, na kwa miaka tisa yote miwili ilikuwa mali ya kiwanda tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mwisho kifua, na shati jingine lishafika. Hata kujikuna ni kwa zamu. Simu zilikaa kwenye sanduku la msimamizi, na mwenye dharura nyumbani aombe Mungu msimamizi awe na masikio siku hiyo.

Nyumbani aliacha watu wawili: binti yake wa miaka mitatu, aliyepachikwa jina la Pilipili kwa kutokaa mahali pamoja, na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ndiye aliyemlea mjukuu, na alikuwa mlezi hodari, hadi kumbukumbu ilipoanza kumtoka. Mara atie chumvi mara tatu. Mara asahau choo kiko wapi. Halafu siku moja alitoka na Pilipili kwenda dukani, akarudi peke yake na kipande cha sabuni. Jirani yao, mshona viatu, alipomuuliza mtoto yuko wapi, akajibu, "Mtoto gani?"

Pilipili alikutwa dukani amekaa juu ya kreti ya soda, anachezesha miguu. Mpiga pasi alipoambiwa jioni, alikaa chini kwenye sakafu akashindwa hata kulia.

Mshona viatu ndiye aliyemletea habari za mpango wa kusaidia wazazi. Kulikuwa na nafasi katika kituo cha kulelea watoto mchana, kwa mzazi anayefanya kazi na asiye na wa kumwachia mtoto. Akajaza fomu. Akaambiwa ofisa wa ustawi wa jamii angepita nyumbani kuona hali. Siku ya kupita ilipofika, aliomba ruhusa kazini akanyimwa, maana mashati ya kusafirishwa nje yalikuwa hayajaisha.

Sasa mtazame Bi Mkubwa. Kumbukumbu ilikuwa imemtoka, lakini adabu ya mgeni ilikuwa imebaki nzima. Tangu asubuhi aliambiwa kuna mgeni, na hilo hakulisahau. Alifagia mpaka nje, akaazima viti viwili kwa mshona viatu, akamwogesha Pilipili na kumpaka mafuta akang'aa. Ofisa, mwanamke mpole mwenye faili kwapani, alipobisha hodi alikaribishwa kwa glasi ya maji juu ya sahani.

"Bibi, mna shida yoyote na mtoto?"

"Shida ya nini, mwanangu? Tunamshukuru Mungu. Hatuna neno."

"Unamudu kumlea peke yako?"

"Nimelea saba. Huyu mmoja atanishinda?"

Usimcheke. Mgeni akikuuliza hali, hata kama paa linavuja juu ya kichwa chake, utamwambia nini? Utamwambia njema, halafu utamsogezea kiti pakavu. Ofisa wa watu akaandika alichosikia na alichokiona.

Barua ikaja: mlezi yupo na anamudu, maombi yamekataliwa. Asiyeridhika afike ofisini ndani ya siku saba, pamoja na mlezi mwenyewe.

Wiki ile mpiga pasi alifanya mazoezi ya sentensi moja juu ya kila kola: mama yangu hajiwezi tena. Safari hii ruhusa ilipatikana. Wakaenda wote watatu, Bi Mkubwa katika kanga mpya. Na siku hiyo akili zake zilikuwa zimetulia kama za hakimu. Ugonjwa ule ndivyo ulivyo, ukiutaka ujionyeshe unajificha.

"Dada, mimi nataka kukusaidia," ofisa akasema, akisukuma karatasi mezani. "Lakini mlezi lazima asomewe haya, kisha atie dole gumba: kwamba akili yake haimruhusu tena kukaa na mtoto. Nimsomee?"

"Hatuwezi kuzungumza pembeni?"

"Taratibu haziruhusu. Lazima asikie mwenyewe."

Bi Mkubwa akamgeukia binti yake. "Kwani nimemfanya nini mtoto, mwanangu?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu aliye tayari kuomba radhi. Mpiga pasi aliitafuta ile sentensi yake ya wiki nzima, asiione. Mama huyu alimbeba mgongoni mpaka miaka minne.

"Hujafanya kitu, mama," akasema. Kisha akamwambia ofisa, "Usimsomee. Anaweza."

Ofisa akafunga faili. Walipotoka nje Bi Mkubwa alikuwa amefurahi. "Msichana mzuri yule. Alikuwa anatuuliza nini?"

"Alikuwa anatujulia hali tu, mama."

Kesho yake alfajiri mpiga pasi alichuchumaa mlangoni, akamshika Pilipili mabega.

"Mkienda dukani, wewe ndiye umshike bibi mkono. Usimwachie. Umesikia?"

Pilipili akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Na nikilala?"

 Mama yake alimfunga vifungo vya gauni, akatoka, na saa moja kamili akaitia simu yake kwenye sanduku la msimamizi.