Mstari Niliouruka

Mimi ni mtu wa orodha. Nikienda sokoni kununua vitu vitatu, vyote vitatu nitaviandika, na nikikutana na cha nne njiani nitakiongeza kwa kalamu ili nipate raha ya kukikata. Walimu wenzangu hunicheka. Husema mipango ni ya Mungu, nami huwajibu kwamba Mungu hajawahi kuninyang'anya kalamu.

Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, naandika malengo ya mwaka kwenye karatasi ya daftari na kuibandika kwenye mlango wa jikoni kwa selotepu. Ni matano, hayazidi. Upepo wa mchana wa Isiolo haumheshimu mtu wala karatasi, kwa hiyo kufikia Machi malengo yangu huwa yamepata rangi ya chai. Mwaka ninaousimulia yalikuwa hivi. La kwanza, kupunguza kilo nane. La pili, kusoma kitabu kimoja kila mwezi. La tatu, kumaliza kozi ya kompyuta niliyoianza nikaiacha. La nne, kuhama. La tano, kupaka nyumba rangi.

Lile la nne nililiandika kwa neno moja tu kwa sababu nilijua maana yake. Nilikuwa nimefundisha shule ya msingi ileile tangu nilipotoka chuoni, na kwa miaka saba nilikuwa nikitamani kufundisha walimu, katika chuo, mahali ambapo ningeulizwa maswali nisiyoyajua majibu yake. Kila Januari nilinakili neno lile kutoka karatasi kuukuu hadi karatasi mpya. Mwanzoni sababu ya kutohama ilikuwa ndoa. Ndoa ilipovunjika, sababu ikawa kwamba ndoa imevunjika na nahitaji kutulia. Halafu mama yangu akaja kuishi nami, nikapata sababu ambayo hakuna mtu angeweza kunilaumu kwayo.

Mama alitoka Sericho baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Mimi ndiye niliyetafuta lori. Nilipanga kila kitu kwa orodha, bila shaka: godoro, masanduku mawili, vibuyu vya maziwa, mikeka. Nilikaa naye mbele karibu na dereva, na mama akalia kutoka Sericho hadi Garba Tulla, bila sauti, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu yake. Sikuwahi kumwona akilia hivyo, hata baba alipofariki. Siku hiyo niliapa moyoni kwamba mwanamke huyu hatahamishwa tena na mtu yeyote, na mimi nikiwemo.

Ndiyo maana nilipomsomea karatasi ile mara ya kwanza, ulimi wangu uliruka mstari.

Mama hajui kusoma. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akikaanga kahawa, akaniuliza, "Hiyo karatasi kila mwaka unaweka hapo, inasema nini?" Nikamwambia ni mambo ninayotaka yatimie. "Kumbe ni dua," akasema. "Basi soma, niitikie." Nikasoma kilo nane, akasema Amin. Nikasoma kitabu kila mwezi, Amin. Kozi ya kompyuta, Amin. Nikafika la nne, nikaliruka, nikasoma rangi ya nyumba. Akasema Amin na kufuta mikono kwa leso yake. Nilidhani mambo yameishia hapo, lakini kesho yake asubuhi aliniita tena. "Njoo usome. Dua haiombwi mara moja."

Ikawa desturi yetu. Mama aliamka mapema kutengeneza buna, ile kahawa yetu ya Waborana, punje nzima na maganda yake, inayokaangwa kwa samli hadi ianze kupasukapasuka na nyumba nzima kunukia. Kisha maziwa. Kabla ya kunywa, baraka: amani kwa watu, amani kwa mifugo ambayo hatukuwa nayo tena, mvua, majirani, serikali. Hata yule jirani wetu Mmeru muuza mboga aliombewa kila siku, ingawa ni Mkristo na hakuwa na habari. Baada ya baraka ndipo ilipofuata karatasi yangu. Nilisoma nimesimama, mkoba begani, jicho moja kwenye saa. Mama aliitikia huku akitafuna punje na kujipaka samli iliyobaki vidoleni kwenye mikono yake mikavu.

Kabla mama hajaja, asubuhi zangu zilikuwa chai ya kumeza moto na kukimbia. Sasa nilianza kuchelewa shuleni dakika tano, kisha kumi, na mwalimu mkuu akanitazama juu ya miwani yake. Sikujali. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu anaweza kukaa tu. Jumamosi tulinyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na ile harufu ya vumbi lililoloa ilitufanya sote wawili tusimame kidogo tukiwa na mifagio mikononi. Mchana mama alitandika mkeka chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, akaufuata uvuli ulivyosogea, na jirani muuza mboga akaja kukaa naye akisubiri jua lipungue. Mmoja alikuwa na maneno ishirini ya Kiborana, mwingine hana Kimeru kabisa, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuombea maji. Lakini walivyokuwa wakicheka! Nilikuwa nasikia nikiwa ndani, nikisahihisha madaftari, na nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema.

Malengo, kwa upande wao, yalikwenda yalivyokwenda. Vitabu nilisoma vitatu. Kozi niliimaliza. Kilo hazikupungua hata moja, na zingepunguaje, ikiwa aliyekuwa akiitikia Amin ndiye aliyekuwa akiniongezea samli?

Mnamo Juni, baada ya kutuma maombi bila kumwambia mtu, niliitwa kwenye usaili katika chuo kimoja cha walimu Nakuru. Nilimwambia mama naenda semina. Akanibariki safari na kunifungia nyirinyiri, ile nyama ya vipande vidogo iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ili nisile vyakula vya njiani. Nilikula nyama ile kwenye chumba cha kulala wageni, peke yangu, na kila kipande kilinikumbusha semina isiyokuwepo. Mwanzoni mwa Agosti simu ikapigwa. Walinitaka. Walinipa hadi Ijumaa ya wiki ile niwajibu.

Asubuhi iliyofuata nilisoma karatasi kama kawaida. La kwanza, la pili, la tatu, kisha rangi ya nyumba. Nikangoja Amin. Haikuja. Mama aliweka kikombe chake chini.

"Moja haijaingia," akasema.

"Nini haijaingia?"

"Jioni mbuzi wakirudi, mimi nilikuwa nasimama kwa mlango ya boma. Sihesabu na mdomo. Naangalia tu, najua wametimia ama hawajatimia. Hiyo karatasi iko na mistari tano. Wewe unaniletea nne. Tangu Januari, kila asubuhi, moja inalala nje."

 Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Mbuzi ikichelewa hupigi kelele, utaifukuza. Unaacha mlango wazi. Lakini sasa nimechoka kusimama. Soma."

Nikasoma. Neno moja. Kisha nikamwambia yote: chuo, Nakuru, semina ambayo haikuwa semina, simu ya jana, Ijumaa. Maneno yalinitoka yakigongana. Mama alisikiliza akiangalia makaa.

"Ni kazi mzuri?" akauliza.

"Ni nzuri. Lakini siendi, Mama. Nitawaambia hapana. Sijasahau vile ulilia siku ile ya lori. Siwezi kukuhamisha tena."

Hapo alikasirika. Mama yangu si mtu wa kupaza sauti, lakini kuku wa jirani walikimbia.

"Wewe unajua nini juu ya kuhama? Mimi nimehama maisha yangu yote. Nimehama na mimba. Nimehama na wewe kwa mgongo, hujamaliza siku arobaini. Nani alikuambia mimi nilikuwa nalilia Sericho? Sericho ng'ombe ilikufa, nitalilia nini? Nililia kwa sababu hakuna mtu aliniuliza. Lori imesimama kwa mlango, dereva anasema, mama panda. Sisi hata mbuzi hatuhamishi hivyo. Mtu anatangulia, anaangalia majani, anaangalia maji, anarudi, watu wanakaa chini wanaongea. Mimi nilibebwa kama gunia."

Hakusema nani alimbeba. Hakuhitaji. Nilikumbuka orodha yangu ya siku ile, godoro na masanduku na vibuyu, kila kitu kimekatwa vizuri kwa kalamu, na mahali pa kumuuliza mama hapakuwepo. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Tena nilikuwa karibu kumfanyia vilevile kwa mara ya pili. Kwanza nilimwamulia aje bila kumuuliza, na sasa nilikuwa nimemwamulia abaki bila kumuuliza.

"Basi nakuuliza leo," nikasema. "Mama, utakubali tuhamie Nakuru, mimi na wewe?"

Akachukua kikombe chake. "Hayo sasa ndio maneno," akasema. "Wacha nifikirie."

Ilikuwa Jumanne. Jioni ile maji ya mfereji yalitoka, tukajaza mapipa, hakusema kitu. Jumatano alishinda chini ya mwarobaini na jirani yake. Mimi darasani niliandika kazi ileile ubaoni mara mbili, na watoto, kwa adabu zao, wakainakili mara mbili. Nilijifunza wiki hiyo kwamba kumuuliza mtu ni kazi ndogo. Kazi ni kungoja, huku ukijua anaweza kusema lolote.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni nikamkuta ameketi mlangoni, amejifunga leso mpya.

"Mimi sihami," akasema.

Nikakaa chini kando yake.

"Tangu nizaliwe nafuata maji. Mahali maji imeenda, mimi nyuma. Sasa maji inanifuata mimi, Jumanne na Ijumaa, mpaka kwa nyumba. Niko na mkeka yangu. Niko na ule mti. Ule Mmeru, akiamka siko, atacheka na nani? Ulinileta hapa bila kuuliza, lakini hapa nimepapenda. Hata mimi nimeshangaa." Akanigusa goti. "Mtoto wa dada yangu, ule anatoka kule Gotu, amepata kazi kwa duka hapa town, anatafuta mahali ya kulala. Atakaa na mimi. Nimemuuliza, amekubali."

Lile neno nimemuuliza alilitamka polepole, ili linifikie vizuri. Lilinifika.

Nikaanza kusema kwamba basi mambo yamekwisha, nami nitabaki, hakuna haja. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Intala," akasema, yaani binti, neno ambalo hulitumia nikiwa mgonjwa au nikiwa mjinga. "Sasa mimi ndio nauliza wewe. Unataka kwenda?"

"Mama, kwa malengo yangu ya mwaka nilikuwa nimeandika..."

"Sijauliza karatasi."

 Miaka saba nilikuwa nimeandika neno lile, nimelinakili, nimelibandika, nimeliruka. Mume wangu hakuwahi kuniuliza swali lile. Mwalimu mkuu hakuniuliza. Hata watu wa usaili waliniuliza vyeti na uzoefu tu. Wala mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza, maana nilikuwa na sababu nzuri kila mwaka, na sababu nzuri humwokoa mtu asijibu. Ile ya mwisho na bora kuliko zote ilikuwa ikinitazama usoni, imevaa leso mpya, na imekataa kuwa sababu yangu.

Nikalia. Nililia kama mtoto, kamasi na yote, hapo mlangoni, watu wakipita barabarani na kusalimia salaam aleikum, na mama akiwaitikia kwa niaba yangu kana kwamba hakuna kitu.

"Nataka," nikasema. "Nataka sana kwenda. Naogopa, na sitaki kukuacha, lakini nataka."

"Basi piga simu," akasema mama. "Hawa watu wa ofisi wanafunga saa ngapi?"

Nilipiga nikiwa bado nalia. Yule wa upande wa pili akaniuliza mara mbili kama nina hakika, nadhani kwa sababu ya sauti yangu. Nikamwambia nina hakika. Mama alikuwa amesimama mbele yangu, mikono kiunoni, na hakuondoka hapo mpaka nilipokata simu.