Sarasini ya Nyuma ya Jikoni

Nilirudi kwa mama, mtaani Ruashi, na mabegi mawili, ndoa imenishinda. Alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini katika lupango ule, yaani ua wa nyumba yake, kila kitu kilikuwa chake: kuku, mndimu, hata kamba ya kuanikia nguo nilikuwa naiombea ruhusa. Nami si mtu wa kuishi kama mgeni. Nilitaka mahali pangu, hata pawe padogo kama kitanda.

Sista mmoja wa parokia, anayefuga nyuki, alinigawia mbegu za sarasini. Ni nafaka nyeusi yenye pembe tatu. Alisema huiva haraka na hutoa unga. Nikamwomba mama kipande cha nyuma ya jikoni, anapopanda mchicha wake wa lengalenga. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa.

“Nakupa mvula moja tu,” akasema. “Kama akuna kintu mu sahani, narudisha lengalenga yangu. Na usinililie.”

Nikapanda, nikijua nina msimu huo mmoja tu wa mvua. Sarasini haina makuu: mvua ilinyesha, ikachipuka kwa mashina mekundu, na kabla sijamaliza kuringa ikajaa maua meupe. Nyuki wakaja. Mama naye akaja, mikono kiunoni.

“Tutakula bukari na maua?” akauliza, kana kwamba ugali umeshasongwa.

“Ngoja mbegu, mama.”

“Miye nangoja. Tumbo njo haingoje.”

Nilinuna siku nzima. Na kama hiyo haitoshi, majani yakaanza kupungua, hasa yale laini ya juu. Kuku hao, nikasema. Nikawafukuza kwa fagio, nikawatukana, nikazungushia matawi ya miiba. Majani yakazidi kupungua. Nilianza kuona kipande changu kinarudi kwa lengalenga.

Jumapili, baada ya misa, mama akaalika wamama wawili wa kikundi chake cha sala. Kulikuwa na bukari, samaki, na mboga ya majani iliyopikwa na karanga. Ilikuwa laini, na uchachu wa mbali. Mimi mwenyewe niliongeza.

“Hii mboga ulitosha wapi?” mmoja wao akauliza, akitaka kujua ilikotoka.

Mama akaendelea kufinyanga tonge lake. Ndipo nilipolitazama jani lililobaki kwenye sahani, na shina lake jekundu. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Wale kuku nimewaonea bure.

“Mama, ulinichumia sarasini yangu.”

“Nilionja kidogo tu,” akasema bila kunitazama. “Ikanishinda kuacha.”

Wageni wakacheka mpaka wakaweka matonge chini. Kisha yule mmoja akamwomba mama amfungie majani kidogo, aende nayo nyumbani. Mama akainuka, akafika mlangoni, akarudi kuketi.

“Muombe huyu,” akasema. “Ile shamba iko yake.”

Nikachukua kikapu, nikatoka haraka kwenda kuchuma. Nilikaa huko nyuma muda mrefu kuliko mboga ilivyohitaji. Si mama alinikataza kumlilia?