Mikate ya Mbegu

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo inanisimamisha popote nilipo: harufu ya majivu ya moto yanapomwagiwa maji. Wengine wakiisikia wanaziba pua. Mimi kwanza mate yananijaa kinywani, halafu moyo unakumbuka na mate yanakauka. Msinicheke, nitawaeleza yalivyokuwa.

Mama yangu alizaliwa Walikale, kule msituni, akaolewa Kingi kwa watu wa vilima na maharagi. Alikuja na desturi moja ya kwao. Mahindi makavu aliyachemsha kwa maji ya majivu mpaka yakawa manjano na maganda yakalegea. Aliyamimina kwenye beseni, akayasugua kwa viganja, akayaosha maji matatu, kisha akayasaga juu ya jiwe yakiwa bado yamelowa. Donge alilipiga mkono kwa mkono, pa, pa, pa, mpaka likawa mkate mwembamba, akaubandika juu ya bati kavu lenye moto. Hakutia mafuta wala chumvi. Mkate ulivimba katikati, ukapumua, ukatulia. Mashangazi zangu walimcheka, eti yule mke wa Walikale anafua mahindi kama shati. Walicheka hivyo hivyo huku wamenyoosha mikono wapewe.

Papa, baba yangu, hakumcheka. Yeye alikuwa na amri moja tu: yale yanayoning'inia yasiguswe. Juu ya mafiga yetu kulikuwa na mahindi mazima yaliyofungwa kwa maganda yake, meusi kwa moshi ili wadudu wasiyatoboe. Hayo njo yalikuwa mbegu. Papa alipenda kusema kwamba mbegu iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mwaka ujao. Siku za kupanda nilimfuata nyuma nikidondosha punje tatu kila shimo. Mbili zetu, alinifundisha, moja ya ndege. Mimi nilikuwa nawaonea wivu hao ndege, maana hawakulima hata siku moja.

Risasi zilipofika Kingi tulikimbia asubuhi, tukauacha uji ukitokota. Mama alimbeba mgongoni mdogo wangu Bahati. Wenzake walijitwika magodoro na sufuria. Yeye kichwani aliweka furushi la mahindi ya mbegu. Papa alibaki nyuma kutafuta mbuzi wetu wawili, akasema atatukuta njiani. Tulitembea siku nyingi, na tulifika kambi ya Mweso bila yeye.

Kambini tulijenga kibanda cha miti, tukakifunika kwa shitingi, ile plastiki wanayogawia wakimbizi. Kitu cha kwanza Mama alichofanya, hata kabla ya kutandika majani ya kulalia, ni kuyaning'iniza mahindi yale juu ya mafiga kama nyumbani. Tulikaa na njaa chini yake wiki baada ya wiki. Bahati alikuwa anayaonyesha kwa kidole na kulia. Mama alimbembeleza akimwambia Papa atakuja kuyauliza, na yakikosekana tutamjibu nini.

Ndipo siku moja, jua likiwa juu, akaja Papa Bwira, jirani yetu wa Kingi. Alikataa kuketi. Walisemezana na Mama nyuma ya kibanda, sauti chini, naye akaenda zake bila hata kutugusa vichwa kama ilivyokuwa desturi yake. Mama aliporudi hakulia. Alifungua kamba, akayashusha mahindi yote, akaanza kuyapukuchua.

Niwaambie ukweli: nilifurahi. Niliona sikukuu. Nilimsaidia kuchekecha majivu, nikatafuta jiwe bapa kule mtoni, nikashikilia kopo la mafuta ya msaada alipolipasua na kulinyoosha liwe bati la kuokea. Ile harufu ilipopanda, nilikuwa niko Kingi kabisa.

Hofu ilinipata Mama alipoanza kuyaosha. Papa akija na asikute hata mbegu moja? Nilitia mkono kwenye beseni, nikachota punje tisa, laini, zilizovimba, bila ganda, nikazificha kwenye upindo wa nguo. Halafu nilikaa nikala mikate minne. Mama alipiga, akaoka, akatugawia, akapiga tena. Nilimuuliza mbona yeye hali. Akasema ameshiba harufu.

Walipokuwa wanaosha vyombo yeye na Bahati, nilichimba mashimo matatu kwa kijiti pembeni ya kibanda. Mbili zetu, moja ya ndege. Nilijiona mwerevu kuliko watu wazima wote.

Kesho yake Mama alinikuta nimechuchumaa pale. Ilinibidi nimwonyeshe. Aliangalia yale mashimo muda mrefu, akaingia ndani, akatoka na kikombe chenye maji nusu. Maji yale alikuwa ameyapangia foleni tangu alfajiri.

"Mwaga polepole," aliniambia. "Mahindi haipende maji mingi."

Kila asubuhi alinipa nusu kikombe. Siku nilipokuwa na homa alimwagilia mwenyewe. Baadaye majani machanga yakachomoza na mimi nikapiga kelele za furaha, naye akayapalilia kwa vidole. Lakini mimi ni mtoto wa mkulima. Siku zilipopita niliona majani yamebaki membamba na yanatambaa.

"Mama, hii haiko mahindi."

"Najua," akasema, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya kupika.

Sikumuuliza tena mpaka nilipokuwa mkubwa, na mimi nikiwa mama. Hapo njo aliniambia kile Papa Bwira alichomletea: kwamba Papa alizikwa katikati ya shamba lake, na kwamba nyumba yetu na vilima vile vina watu wengine sasa. Mbegu zilibaki bila udongo na bila mtu wa kuzipanda. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nimwagilie punje zilizochemshwa, na maji yalikuwa haba vile.

Akasema, "Ningekuambia ya mahindi, ungeniuliza na ya Papa."

Kingi hatujarudi. Bado tuko Mweso, na watoto wangu wakisema "kwetu" wanaonyesha kibanda hiki. Siku hizi hatuning'inizi kitu juu ya mafiga. Lakini nikizima moto kwa maji na ile harufu ikipanda, namwona Mama ameinama na kikombe juu ya zile punje zilizokufa, akimimina kwa uangalifu, asipoteze hata tone.