Jina Lililonyimwa Jiwe

Treni ilisimama hatua nne kutoka kichwani pangu.

Siongezi chumvi. Ilikuwa Septemba 1911, hapa hapa Romagna, Italia, nami nimelala chali juu ya reli pamoja na wenzangu wa chama. Mabehewa yote yamejaa wanajeshi wa kwenda Tripoli kuua watu ambao hawakuwahi kutukanyaga hata kidole.

Dereva akachungulia, akafanya ishara ya msalaba.

"Nyie mna wazimu!"

"Wazimu anao aliyekutuma!" Ulderico akamjibu, kalala ubavuni kwangu.

Ulderico alikuwa mchumba wangu. Siku ile ilimpatia kifungo cha miezi saba, na alipotoka tulimbeba mabegani. Sisi wasoshalisti, vita vya wafalme havikutuhusu. Kwisha habari.

Ndivyo nilivyodhani.

Mwaka 1914 Ulaya ikawaka moto. Italia ilikuwa bado inatazama kutoka pembeni. Jumapili moja Ulderico akarudi kutoka Bologna, hakai, hatulii.

"Argia, vita hivi ni tofauti. Tukiwaangusha makaizari, mapinduzi yatafuata."

"Na risasi nazo ni tofauti?"

"Siasa huzijui wewe."

"Nilizijua vizuri tu nilipolala relini na wewe."

Wiki ile ile nikamrudishia pete.

Tawi letu likakutana kwenye ukumbi wa ushirika, kumfukuza. Watu walimzomea, "Msaliti!" Mmoja akamtemea mate kwenye kofia. Mimi nilipiga makofi. Ndiyo, nilipiga.

Kisha nikasimama. "Haya, vita vikifika kwetu tunafanya nini? Tunarudi relini?"

Katibu wetu, Mwalimu Zauli, akakohoa. "Ndugu Argia, msimamo wa chama uko wazi. Vita hatuviungi mkono. Wala hatuvihujumu."

"Yaani?"

"Yaani hivyo hivyo."

"Mwalimu, hiyo si sawa na kusema mwizi simpendi, ila mlango sifungi?"

Wakacheka. Wakapiga kura. Waliokuwa upande wangu ni wanne tu, na mmoja wao mdogo wangu, Comunardo. Miaka ishirini na moja, fundi mwashi, mbishi kama nyumbu.

Mei 1915 vita vikafika. Comunardo akaitwa jeshini.

Nilikwenda stesheni peke yangu, nikalala relini.

Walioniburuta kutoka pale hawakuwa askari. Walikuwa ndugu zangu wa chama. "Utatuponza, dada!" Mmoja alinishika nywele. Comunardo aliyaona yote dirishani mwa behewa.

Mwaka 1917 ikaja barua ya jeshi, mistari mitatu. Amepigwa risasi kwa kukataa amri mbele ya adui.

Baadaye tulisikia habari yenyewe. Kikosi chao kiligoma kupanda kilima kile kile mara ya nne. Ikapigwa kura ya bahati nasibu, nani auawe awe funzo kwa wenzake. Ikamwangukia yeye.

Mama hakuumaliza msimu ule wa baridi.

Mwaka 1920 chama chetu kikashinda halmashauri, Zauli akawa meya. Wakaamua kuweka jiwe la majina ya waliokufa vitani. Nikaenda na jina la mdogo wangu.

"Ndugu Argia, moyo wangu uko na wewe," Zauli akasema. "Lakini tukiliandika hilo, waliotoka vitani watatuvunjia madirisha. Huu si wakati wake."

"Alifanya kile mlichokuwa mnahubiri!"

"Alikifanya peke yake."

Nikawatazama wajumbe mmoja mmoja. Kila mtu ghafla ana shughuli na karatasi zake.

"Liandikeni."

Sauti ilitoka mlangoni. Ulderico. Alikwenda vitani kwa hiari, akarudi na mkono mmoja wa koti mtupu, umebanwa kwa pini.

"Msaliti anatafuta nini humu?" mjumbe mmoja akafoka. Wakamsukuma nje.

Nikamfuata hadi uwanjani, nimejaa sumu. "Unataka kujitakasa kwangu, eti?"

"Argia, mimi nilikuwepo."

"Wapi?"

"Walituchagua watu kumi na wawili tumpige risasi. Hakuna aliyetaka. Sote tukalenga juu. Kapteni akaamuru turudie."



"Na mara ya pili?"

Akatazama chini. "Mara ya pili nililenga sawasawa. Asije akasimamishwa mara ya tatu."

Nikamchapa kofi. Nikamchapa la pili. Hakukinga. Halafu nikakaa juu ya mawe ya uwanja nikalia mbele za watu, naye kasimama pale pale mpaka nikamaliza.

Jiwe lilizinduliwa na majina thelathini na tisa. La Comunardo halimo. Zauli alihutubia kuhusu amani, akahutubia vizuri mno, hata wanaume walitoa vitambaa kufuta machozi.

Watu huniuliza ninamchukia nani zaidi. Ulderico simwamkii mpaka leo. Ila alichomfanyia mdogo wangu nakijua, kwa sababu alikuja kuniambia kwa kinywa chake. Wale wengine wa chama walivipinga vita tangu mwanzo, wala hawakukosea, na usingizi wao ni mtamu.

Wewe unayesoma, mtu usimpime kwa mkono alioinua ukumbini. Kuinua mkono ni bure. Msubiri siku ambayo kauli yake itamgharimu, halafu angalia kama bado anaikumbuka.