Mkono Niliomnyima Mwalimu Mbwana

Jamani, akili bado inakataa. Jana tumemzika Mwalimu Mbwana wa fizikia, na leo asubuhi hapa staffroom nimevuta kiti changu ili apate nafasi ya kupita.

Mliosoma kwetu Makorora mnamjua. Kwa msiomjua: huyu ndiye aliyeniambia kwamba sijawahi kugusa kitu duniani.

"Weka kiganja mezani, yakhe. Umeigusa?"
"Nimeigusa."
"Wapi! Hujaigusa wewe."
Mimi mwalimu wa Kiswahili, nikamwambia akapime malaria.

Akanieleza taratibu. Nje ya kila atomi kuna elektroni. Za kiganja zikizikaribia za meza zinasukumana, wala hazikubali kurundikana mahali pamoja. Msukumo huo ndio unaouzuia mkono usizame kwenye mbao.

Alipofundisha hilo darasani, binti mmoja wa Form Three akamuuliza, "Kwa hiyo sir, mama akinikumbatia hanigusi?"
Akasema, "Ule msukumo unaouhisi ndio kugusa kwenyewe, mwanangu. Hakuna kugusa kwingine."

Sasa nisikilizeni, maana hili linanichoma.

Wiki iliyopita tulikosana. Kwenye kikao, mbele ya headmaster, alisema nachelewa vipindi. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma.

Ijumaa tulipotoka msikitini akanipa mkono, kama kila Ijumaa. Mimi nikautia wangu kwenye mfuko wa kanzu. Mtu mzima na mvi zangu!

Akacheka tu. "Usijali, shekhe. Hata ungeupokea tusingegusana."

Jumapili moyo wake ukasimama. Mimi nilikuwa nimepanga kumwomba radhi Jumatatu, kabla ya period ya kwanza.

Makaburini kaka yake akanishika bega. "Shuka wewe umpokee. Haikupita siku bila yeye kukutaja." Nikashuka kaburini. Mikono yote miwili, pamoja na ule niliouficha, nikaikinga, wakamteremsha.

Ulikuwa mzito, Mbwana. Katikati yetu kulikuwa na sanda, na hizo elektroni zako. Lakini uzito wako niliuhisi mpaka kwenye viwiko, na mwenyewe ulisema hakuna kugusa kwingine.

Nisamehe, ndugu yangu. Mola akupe kauli thabiti.

Lala salama, shekhe. Mkono wako nimeupokea. Nimechelewa, kama kawaida yangu.