Bastola Kwenye Tranka la Lidwina

Hapa Lizaboni ukitaka tranka la mtoto anayekwenda shule ya bweni, watu watakuelekeza kwa Lidwina. Ila ukilitaka la haraka haraka, usiende. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Yule mama ananunua matranka ya zamani yaliyochakaa, anang'oa kila kitu kilichomo ndani, anakwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati linang'aa, ndipo anafikiria rangi. Wenzake sokoni wanapaka rangi juu ya kutu, asubuhi limenunuliwa, jioni limeuzwa. Mimi Chiku, jirani yake, muuza vitumbua, nimemsema mpaka mdomo umeniuma.

"Dada Lidwina, nani anaangalia chini ya tranka?"

"Mtoto wa watu ataweka mashuka yake humo, Chiku. Aje kuyatoa yana madoa ya kutu, wenzake wamcheke?"

Basi. Ukimwambia tena hakujibu, anakwangua tu. Wangoni hawa! Mimi Myao wa Nakapanya, ni watani zangu, nina ruhusa ya kuwasema.

Kazi yenyewe aliipata kwa mumewe. Marehemu alikuwa fundi bati, na macho yalipoanza kumwishia, Lidwina ndiye akawa anamshikia, anamwonyesha, mwisho akawa anagonga mwenyewe. Mzee alipofariki, ndugu walimwambia auze vyombo vya kazi arudi kijijini akalime. Akawapikia, wakala, wakaondoka, kesho yake akafungua kazi. Asubuhi utamkuta kibarazani kwenye kigoda chake, vumbi la kutu limemjaa mpaka kwenye nyusi, anaimba nyimbo za Kanisa kwa sauti ambayo kwaya yenyewe ilimwomba kwa heshima ajiunge na kikundi cha usafi. Hakununa. Anadeki kanisa huku anaimba. Sijaona mtu mwenye raha zake kama yule, na siku nyingine, siku vitumbua vyangu vimedoda, inaniudhi.

Januari hii sasa, mvua zinapiga, wazazi wanahangaika na ndoo, magodoro na madaftari, Lidwina alikuwa amebakiza tranka moja la kutengeneza. Lilikuwa la marehemu mzee Kajetani, amelinunua kwa mjane wake, Bibi Natalia, baada ya msiba kuisha na vitu vya marehemu kugawanywa. Watoto walichukua redio, baiskeli, makoti. Tranka lenye kutu hakulitaka mtu.

Sasa huyo mzee Kajetani lazima nikueleze. Enzi zake alikuwa mtunza fedha wa ushirika wa kahawa. Ndiye aliyekuwa akibeba hela za wakulima kutoka mjini kwenda vijijini, na kwa ajili hiyo alikuwa na bastola, kwa kibali halali, kila mtu anajua. Alistaafu, bastola akabaki nayo. Alipofariki, polisi wakaja kuichukua, maana mwenye kibali akifa silaha inarudishwa. Haikuonekana! Walipekua kabati, godoro, dari, hilo tranka nalo wakamwaga nguo zote chini. Hola.

Hapo ndipo balaa lilipomwangukia Thadeo, kitinda mimba wao. Thadeo alikuwa amerudi kutoka Mbeya, biashara imemfia, mikono mitupu, anapiga pombe ya ulanzi tangu saa nne asubuhi. Yeye ndiye aliyemuuguza baba yake, akamwogesha, akamlisha, mpaka dakika ya mwisho. Lakini kijana akirudi kwao hana kitu, kila kinachopotea ni yeye. Mtaa mzima ukasema ameiuza. Na aliyemmaliza kabisa ni mama yake mzazi. Bibi Natalia alisimama mbele ya polisi akasema, "Nani mwingine, kama si huyu?" Wakamweka ndani. Akatoka kwa dhamana, akawa anaripoti kituoni kila Jumatatu. Ulanzi aliacha, lakini nani alijali? Hata mimi akija kununua vitumbua nilikuwa navuta mkoba wangu karibu.

Siku yenyewe nilikuwa nimempelekea Lidwina kifungua kinywa. Nikamkuta anahangaika na sakafu ya lile tranka. Kulikuwa na ubao mwembamba chini, umefunikwa kitambaa cha maua ya zambarau, kimepigiliwa misumari midogo pembeni kote. Ukichungulia unaona ndiyo mwisho wa tranka. Mwingine angepaka rangi kwa nje akaliuza hivyo hivyo.

"Acha hiyo, dada, ni nzuri, imeshapambwa," nikamwambia.

"Kutu iko chini yake."

Akachomeka bisibisi, ubao ukalia, ukainuka. Chini yake kulikuwa na furushi la flana iliyolowa grisi. Akalifungua.

Bastola! Ile ya kizamani, ya risasi sita, yenye tumbo la duara linalozunguka, mpini wa mti mwekundu umelainika kwa kushikwa. Tranka limeliwa na kutu mpaka pembe zimetoboka, yenyewe haina hata kidoa. Inameta kama sufuria ya bibi harusi. Matundu yake sita yote matupu. Mimi kwa kiherehere changu nikapeleka mkono.

"Usiiguse!"

"Yarabi, nimeshaigusa!" Nikaanza kufuta kidole kwenye kanga kama mtu aliyeshika upupu. "Dada, tuitupe chooni. Sasa hivi. Hatukuona, hatujui."

Lidwina hakunisikia. Alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye vumbi lake la kutu, machozi yanamtoka.

"Hakuiuza, Chiku. Yule mtoto hakuuza kitu."

"Na wewe je? Tranka liko kwako, bastola iko kwako, mjane huna wa kukusemea. Watasema wewe na Thadeo mlikula njama. Utalala ndani, dada!"

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana. Lakini nikinyamaza, Jumapili kanisani nitampa yule mtoto mkono wa amani kwa uso gani?"

Nikaenda kumwita mwenyekiti wa mtaa, Mzee Daimu. Alikuja mbio, vifungo vya shati vimepishana, akachungulia, akarudi nyuma hatua zote alizokuja nazo, akapiga simu polisi akiwa barabarani.

Wakaja wawili na gari, mkubwa wao afande mwanamke, mpole wa sauti. Akasoma namba kwenye bastola, akailinganisha na ya kwenye kibali. Ndiyo yenyewe. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kucheka. Afande akasema, "Silaha tumeipata, mama, tunashukuru. Lakini nani aliificha? Thadeo ndiye aliyekuwa chumbani na mzee. Huenda aliiweka humu akisubiri mteja, tranka likauzwa kabla hajaitoa. Tutamchukua yeye, na wewe utakuja kutoa maelezo."

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye ndala. Kumbe tumemzamisha zaidi! Nikamtazama Lidwina kwa hasira, nikamwambia kwa macho, choo kilikuwa kinatosha.

"Sawa, nitakuja," Lidwina akasema. Hakuondoka pale tranka lilipo. "Ila mwenye tranka yupo, nyumba ya tatu kutoka hapa. Kabla hamjalibeba, Bibi Natalia alione. Mimi nimelikuta hivi, yeye ameishi nalo."

Afande akakubali. Bibi Natalia akaletwa, fimbo mkononi, na polisi wa pili akaja na Thadeo. Tukamwamkia bibi shikamoo, akaitika bila kututazama. Thadeo akasimama getini, hakuambiwa aingie wala atoke. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia.

Bibi alitazama bastola kidogo tu. Kisha akainama, akashika kile kitambaa cha maua ya zambarau.

"Hili pazia langu," akasema. "La chumbani. Nililitoa tulipofanya jubilei ya ndoa, tukaweka mapya kwa ajili ya wageni. Mzee akaniomba hili. Nikamuuliza la nini, akasema la kufutia baiskeli." Akapitisha kidole kwenye misumari. "Sikuliona tena. Hii misumari ni yake. Mkono wake huu, kila msumari ameupinda."

"Bibi," afande akauliza polepole, "mwaka huo wa jubilei, Thadeo alikuwa wapi?"

Bibi Natalia akaachia kitambaa. Wallahi nilitaka nimjibie mimi, mwenyekiti akanikanyaga mguu.

"Mbeya," akasema mwishoni. "Hata kwenye sherehe hakufika, alituma kitenge. Amekuja kurudi miaka baadaye, mzee ameshaanza kusahau mpaka majina yetu." Akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Wajukuu walikuja wote jubilei ile, wanapekua kila kona, wanaingia hadi uvunguni. Aliwafichia wao. Kisha akasahau alipoiweka. Afande, mimi ndiye niliyewaambia ni huyu. Nilimsingizia mtoto wangu. Andikeni hivyo, na jina langu muandike."

Thadeo pale getini aliinua kichwa, akamtazama mama yake, kisha akageuka akaondoka taratibu kuelekea barabarani, na afande akamwashiria mwenzake amwache aende.

Mambo yalichukua siku kadhaa, maelezo huku, sahihi kule, mpaka wakamwambia Thadeo asiripoti tena. Lidwina hakulala ndani hata usiku mmoja. Kilichomuudhi ni kwamba tranka lilichukuliwa kama kielelezo akiwa hajamaliza pembe. "Limeondoka na kutu yangu, Chiku! Watu wataliona kule kituoni waseme ndiyo kazi yangu hiyo?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu ameokoa jina la mtu, analia na pembe za tranka!

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Bibi Natalia akamwalika Lidwina chakula, na mimi nikafuata, maana sikualikwa lakini pia sikukatazwa. Tulimkuta Thadeo kibarazani, kwenye benchi. Bibi akanong'ona kwamba ndivyo anavyokaa tangu siku walipomkamata. Analala kwingine, na akija kumjulia mama yake hali anaishia hapo. Chakula anapelekewa hapo, maji anapelekewa hapo, mvua ikinyesha anasogea ukutani. Hajawahi kukanyaga ndani tena, na bibi naye hakuwahi kumwambia aingie.

Bibi akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Thadeo."

"Naam, mama."

"Ingia chumbani kwangu. Chini ya mto kuna ufunguo wa stoo. Uchukue, ukatutolee mchele."

Kijana hakutikisika. "Mama, nenda tu mwenyewe."

"Nimekutuma wewe."

Akainuka. Akavua ndala pale kizingitini, akapita kando ya mama yake kwa upande upande, kama mgeni, akaingia. Tukamsikia anafungua mlango wa chumba. Alikaa humo muda mrefu, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuchungulia. Lidwina alikuwa ameshika mkono wangu anauminya, mikono yake ile migumu, inaumiza, nikamwacha.

Akatoka na ufunguo, macho mekundu.

"Mchele kiasi gani, mama?"

"Mwingi, baba," Bibi Natalia akasema. "Leo unakula humu ndani."